Hali ya Kawaida

Gari la naibu mkuu wa shule lilizimika getini siku ya kikao cha wazazi, saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, nusu likiwa ndani, nusu nje. Lingezimika hatua kumi mbele, lingekuwa limeshaegeshwa na hakuna ambaye angejua. Lakini lilichagua pale pale. Lilitoa mlio kama sanduku la vijiko lililodondoshwa sakafuni, likatetemeka, likanyamaza. Nyuma yake wazazi walianza kurundikana, barua za mwaliko mkononi.

Mwenyewe alibaki ndani, vioo vimefungwa, akizungusha ufunguo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye suti ya kijivu na sauti ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko mtihani. Tangu anunue gari, mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa. Wengine walisema kwa heshima na wengine kwa kejeli, naye hakuwahi kutofautisha. Sasa alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mzazi mmoja, fundi bomba, aligonga kioo. "Mheshimiwa, shuka tusukume."

"Halina shida," alijibu kupitia upenyo mdogo. "Linapumzika tu."

"Basi likapumzikie ndani, sisi tuna kikao."

Wakalisukuma, wanaume wanne na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mheshimiwa hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, shingo imesimama, macho mbele, kana kwamba anaendesha kweli, huku watu aliowaita ili awaseme kwa kuchelewesha ada wakihema nyuma ya buti lake. Jioni mtaani hakuna aliyezungumzia kufa kwa gari. Magari hufa. Walichozungumzia ni kwamba hakushuka.

*

Dhamana ya gari ilikuwa ya miaka mitatu. Ilikuwa imekwisha siku arobaini na moja kabla.

Kampuni iliyomuuzia ilikuwa na jengo la vioo na sakafu inayong'aa hata ukaona aibu kuikanyaga. Miaka mitatu Mheshimiwa aliingia pale kwa mlango wa mbele, akapewa kahawa, akakaa kwenye kochi jeusi kusubiri sevisi ambayo gereji yoyote ya mtaani ingeifanya kwa robo ya bei. Alilipa bila kunung'unika, kwa sababu masharti yalisema ukifungua boneti mahali pengine dhamana imekufa. Na kwa sababu alilipenda lile kochi.

Safari hii, gari likiwa limefikishwa kwa kuvutwa, dada wa mapokezi alibonyeza kompyuta, akatabasamu tabasamu la kazini, akasema, "Baba, wewe ni mteja wa nje ya dhamana. Unahudumiwa dirisha la nyuma."

"Mimi ni mteja wenu wa miaka mitatu."

"Ndiyo baba. Na sasa ni mitatu na siku arobaini na moja."

"Siku arobaini tu, binti yangu!"

"Hata ingekuwa moja, baba. Mfumo haukubali." Alisema "mfumo" kama watu wengine wanavyosema "Mungu".

Dirisha la nyuma lilitazamana na mahali pa kuoshea magari. Kulikuwa na benchi la mbao, na kila gari lilipopigwa maji, matone yaliruka hadi kwenye viatu vya waliokaa. Alikaa pale saa mbili na nusu, akiinua miguu na kuishusha kama mtoto anayejifunza kuogelea. Hatimaye akapewa karatasi nne zilizobanwa pini. Vali zimepinda, pistoni mbili zimetoboka, kifuniko cha silinda kimepasuka. Injini haifai kutengenezwa, inahitajika mpya. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wake wa miezi kumi na mmoja, asile wala asivae. Chini kabisa, kwa herufi za kupima macho, iliandikwa kwamba kuanzia siku ya nne gari litatozwa ada ya maegesho.

"Kwani limekufa kwa sababu gani?" aliuliza.

Mtu wa dirishani aligeuza karatasi, akaitazama upande wa pili, usiokuwa na kitu. "Matumizi," akasema.

*

Nyumbani walikuwa watatu tu, maana watoto wawili walikwisha kuolewa na kuhamia mbali. Kulikuwa na Mheshimiwa, mkewe, na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na tisa ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Bibi alitambua watu kwa hatua zao na vyombo kwa kuvigusa. Operesheni yake ilikuwa imepangwa mwezi uliofuata, na fedha zake zilikuwa benki, zimekusanywa kidogo kidogo kwa mwaka mzima na nusu.

Mke alikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini. Kazi yake ilikuwa mafaili: kuyapokea, kuyapanga, kuyatafuta yanapopotea, na kumwambia daktari mwenye hasira kwamba faili halijapotea, ila yeye ndiye aliyeliacha juu ya friji ya dawa. Wenzake walimwita Mama Mafaili. Alizisoma zile karatasi nne mara mbili, taratibu, na kalamu mkononi.

"Matumizi gani?" aliuliza. "Kwenda shule na kurudi ndiyo matumizi ya kutoboa pistoni?"

"Mambo ya ufundi hayo, mama watoto. Usiyaingilie."

"Na wewe uliyaingilia, au ulikunja karatasi ukashukuru?"

Ndivyo Mheshimiwa alivyofanya. Alikunja karatasi, akashukuru.

Bibi alikuwa pembeni akichambua mchele kwa vidole, jicho lake likiwa ni ncha ya kidole gumba. "Hilo gari limeharibika sana?"

"Linatengenezeka, mama. Ni suala la kujipanga tu."

"Jipangeni. Mimi hata sijawahi kuliona. Huwa nalisikia tu likija, na wewe ukipiga honi hata pasipo na mtu."

Mke alicheka. Mheshimiwa alitoka kwenda kusimama uani, mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, akatazama doa la oili kama mtu aliyefiwa.

*

Mke hakuwa mtu wa kulala na swali. Kesho yake alipomaliza zamu ya asubuhi na kurudi, alishusha kabatini boksi la viatu ambamo alihifadhi kila karatasi iliyowahi kuingia nyumba ile, kuanzia risiti ya pasi ya umeme hadi cheti cha chanjo cha mtoto ambaye sasa ana watoto wake. Karatasi za sevisi zote zilikuwamo, zimepangwa kwa tarehe. Mumewe huzitupa kwenye kiti cha gari, yeye huziokota.

Kwenye ya tano alisimama. Ilikuwa ya miezi saba kabla dhamana haijaisha. Sehemu ya malalamiko ya mteja palikuwa na mwandiko wa haraka: "Mteja anasema injini ina mlio wa cheni asubuhi wakati wa kuwasha." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Imesikilizwa. Hali ya kawaida." Na mhuri wa kampuni, wa buluu, umekaa sawasawa kama ulivyotakiwa.

Alikwenda na karatasi ile kwa fundi mmoja mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko, mtu mnene aliyekuwa amelala chini ya lori na miguu tu ikionekana. Fundi alitoka, akafuta mikono, akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "hali ya kawaida", alicheka hadi akakohoa.

"Mama, sikiliza. Ndani ya injini kuna cheni, na kuna kibano kinachoikaza. Kibano kikichoka, cheni inalegea, inapiga kelele asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiiacha, siku moja inaruka meno. Ikiruka, vali zinagongana na pistoni. Hapo tena huna injini, una chuma chakavu."

"Kama wangekibadilisha siku hiyo?"

"Kazi ya siku moja. Na kibano chenyewe kinauzwa bei ya viatu. Tena viatu vya kawaida, si kama vile vya mumeo." Akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. "Hii itunze kama hati ya kiwanja. Walijua ndani ya dhamana, wakakwambia ni kawaida. Gharama ni yao. Wataruka, watabishana, lakini mwisho watalipa, maana mhuri ni wao."

Alirudi nyumbani anatembea haraka kama msichana. Alitoa nakala tatu, akaandika barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe na namba ya karatasi, bila neno hata moja la kulia shida. Jioni alimsomea mumewe.

"Ijumaa nina mapumziko," alisema. "Twende wote. Mpaka siku hiyo, wakikupigia, usiseme kitu. Na usisaini kitu."

"Barua yako kali. Watu wale tumeheshimiana miaka mitatu."

"Umewaheshimu wewe. Wao wamekukalisha kwenye benchi wakakurushia povu."

"Nitaongea nao kiungwana. Kuna namna ya kuongea."

"Baba watoto. Usisaini kitu."

"Kwani mimi mtoto?" Mheshimiwa alikasirika. "Nimesaini barua za kufukuza watu shule!"

*

Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa ofisini kwake shuleni, simu iliita. Alikuwa meneja wa huduma mwenyewe. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayempigia mkwewe.

"Mwalimu Mkuu, shikamoo. Nimesikia walikukalisha dirisha la nyuma. Nimewagombeza sana. Mtu kama wewe?"

Mheshimiwa alikuwa naibu. Mkuu alikuwa mama mmoja mkali aliyekaa chumba cha pili. Lakini hakusahihisha. Aliomba ruhusa, akasema ana dharura ya kifamilia, akaenda.

Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele. Dada wa mapokezi alisimama. Kahawa ilikuja bila kuombwa, na kipande cha keki. Meneja alimpeleka ofisini kwake, akamuuliza habari za elimu nchini, akatikisa kichwa kwa masikitiko kila alipojibiwa. Akasema kizazi cha sasa kimekosa walimu kama yeye. Mheshimiwa akavikwa kilemba cha ukoka pale, na kilimkaa vizuri, akawa anajitazama kwenye kioo cha kabati.

Kisha meneja akasogeza karatasi. "Kisheria, Mkuu, hatudaiwi kitu. Lakini nimepigana huko juu kwa ajili yako. Kampuni itachangia asilimia kumi ya injini. Kwa hisani. Hatujawahi kumfanyia mtu."

Ilikuwa imeandikwa kwamba kampuni inachangia kwa hisani, na kwamba mteja anakiri gari halikuwa na hitilafu yoyote katika kipindi cha dhamana, na hatakuwa na madai mengine sasa wala baadaye.

Mheshimiwa aliisoma. Isidhaniwe kwamba hakuisoma. Alikuwa mwalimu wa lugha. Alimkumbuka mkewe na barua yake, akaona picha ya kesho: mkewe katikati ya sakafu ile inayong'aa, amevaa viatu vyake vya hospitali, anapandisha sauti, na watu wa kwenye makochi wanageuka. Alimwona dada wa mapokezi akicheka chini ya kaunta. Akaona heri alipe asilimia tisini kuliko aonekane anagombania.

"Kuna jambo mke wangu alitaka kuulizia," alisema, kwa sauti ndogo.

"Wake zetu!" meneja alicheka. "Wanatupenda sana."

Naye akacheka. Akasaini.

Kutoka pale alikwenda benki. Fedha za macho ya mama yake zilikuwa kwenye akaunti ya majina mawili iliyohitaji saini moja tu, kwa sababu siku walipoifungua walikuwa wanaaminiana. Alizitoa zote. Kilichopungua alikijaza kwa mkopo wa kukatwa mshahara kwa miaka minne, akailipa kampuni. Kabla ya saa tisa alikuwa amerudi darasani, akiwafundisha watoto utungaji wa barua rasmi.

Usiku ule hakusema neno. Mkewe alimpigia pasi suti ya kijivu kwa ajili ya kesho.

*

Asubuhi ya Ijumaa alisema tumbo linamkata. Mkewe akamwachia dawa na maji ya moto, akaenda peke yake na faili chini ya kwapa.

Dada wa mapokezi alimtafuta kwenye kompyuta. "Mbona suala lenu limeshafungwa, mama? Baba alikuja jana."

"Baba gani?"

"Mumeo. Alisaini, akalipa. Injini imeshaagizwa."

Mke hakupandisha sauti. Aliomba kumwona meneja, akakalishwa, akaonyeshwa karatasi. Aliijua saini ile kama anavyojua mkono wake. Hata mkia wa mwisho mumewe alikuwa ameuvuta mrefu, kama anavyofanya anapofurahi. Naye akatoa karatasi yake ya sevisi, akaiweka juu ya meza, kidole kikiwa kwenye yale maneno matatu na mhuri.

"Mlikuwa mnajua kuna hii?"

Meneja aliitazama. Kwa mara ya kwanza aliacha kutabasamu, na uso wake ukawa wa mtu wa kawaida tu, mwenye wasiwasi na kodi ya nyumba.

"Nakala tunayo, ndiyo sababu tulimpigia simu, mama," alisema. "Hiyo karatasi ingekuwa na maana jana."

Alimletea kahawa. Mke akaiacha mezani, akakusanya faili lake, akapanga karatasi kwa tarehe kama zilivyokuwa, akatoka. Hakukuwa na kingine cha kufanya ndani ya jengo lile.

*

Alimkuta mumewe sebuleni, mzima wa afya, anakula. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Fedha umezitoa wapi?" mke aliuliza, angali amesimama.

Kijiko kilisimama njiani. "Tuongee chumbani."

"Tuongee hapa."

"Nilikuwa nataka kulimaliza kiungwana. Wamenipunguzia asilimia kumi! Wewe hujui watu wale, ukiwabana ndiyo wanakazana..."

"Nimeuliza fedha umezitoa wapi."

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti. Mheshimiwa akawahi kumgeukia. "Mama, nilisahau kukwambia. Hospitali wameahirisha operesheni yako. Wagonjwa ni wengi. Labda mwakani."

"Wameahirisha?" Bibi aliuliza.

"Hawajaahirisha, mama," mke alisema. "Daftari la operesheni ninalitunza mimi. Jina lako liko pale, mstari wa tatu."

Mheshimiwa alimtazama mkewe kwa chuki ya mtu aliyekamatwa, akasahau kwamba alipaswa kukumbuka mkewe anafanya kazi wapi kabla ya kudanganya. Hata uongo wake alikuwa amezoea kuutoa bila kuupima, kama amri za shuleni.

"Niambie mwenyewe," Bibi alisema. "Usingoje mkeo anitafsirie."

Alimwambia. Alianza na umuhimu wa usafiri kwa mtu wa cheo chake, akapitia hadhi ya familia, akaishia benki. Bibi alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Ni la rangi gani?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Gari."

"La fedha, mama. Rangi ya fedha."

"Haya," alisema Bibi. Akapapasa ukuta, akaenda chumbani kwake. Hakutaka kushikwa mkono.

*

Gari lilirudi baada ya wiki sita. Lilikuwa limeoshwa, na juu ya kiti cha mbele kampuni ilikuwa imeweka kofia na kalenda. Dhamana ya injini mpya ilikuwa miezi mitatu. Mheshimiwa alizunguka nalo mtaani mara mbili bila safari yoyote. Watu walimpungia, na fundi bomba akamuuliza kama leo anahitaji wasukumaji.

Mkewe hakulipanda tena. Hakutangaza wala hakununa. Aliamka mapema zaidi tu, akatembea hadi kazini. Alichukua zamu za ziada za Jumamosi kupanga mafaili ya miaka ya nyuma yaliyokuwa yanaliwa na mchwa, kazi ambayo kila mtu aliikwepa. Aliwaomba wakubwa wake wamkate kwenye mshahara taratibu, akarudisha kwenye daftari jina la Bibi, lililokuwa limefutwa fedha zilipokosekana. Fedha zilitosha jicho moja. Alimuuliza Bibi ni lipi linaanza, Bibi akasema lolote, mradi lifunguke.

Mheshimiwa aliambiwa tarehe, akasema atawapeleka na kuwarudisha. Siku ya upasuaji alikuwa na kikao. Siku ya kufunguliwa bandeji alichelewa, na wanawake wawili wakaanza kurudi kwa miguu, pole pole, Bibi akisimama kila hatua chache kusoma vibao vya maduka kwa sauti, akibishana na herufi, akicheka peke yake.

Gari likawapita, likarudi nyuma, likasimama kando yao. Alishusha kioo.

"Mama! Nilikuwa nakuja. Pandeni."

Hakuna aliyepanda. Nyuma lori lilipunguza mwendo. Wenye maduka walianza kutoa vichwa.

"Mama watoto, pandeni basi. Watu wanatuangalia."

"Najua," mkewe alisema. "Ndiyo maana unataka tupande."

Mheshimiwa alinyoosha mkono akafungua mlango wa abiria kwa ndani, ukabaki wazi. Bibi alisogea, akainama, akashika ukingo wa mlango. Mheshimiwa alitabasamu, akaondoa kofia ya kampuni kwenye kiti ili mama yake akae. Lakini Bibi hakuwa anatazama kiti. Alikuwa anamtazama yeye, kwa lile jicho jipya lenye maji maji, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemfahamu zamani.

"Kumbe umezeeka," alisema.

Akaachia mlango, akashika mkono wa mkwewe, wakaendelea. Lori lilipiga honi. Mheshimiwa alilazimika kujinyoosha kuvuka viti vyote viwili, suti ikimbana kwapani, ili aufunge mlango mwenyewe, kisha akaondoa gari.